Namna ya Kuitafuta Kometi Ukiwa Karibu na Ikweta

Jioni ya tarehe 14 Oktoba 2024, kometi iliyoitwa Tsuchinshan–ATLAS ilikuwa upande wa magharibi, juu ya pale jua lilipozama, iking'aa kiasi cha kuonekana kwa macho matupu. Mtu wa Dar es Salaam aliyesimama saa moja usiku mahali palipo wazi upande huo alikuwa na nafasi nzuri ya kuiona. Mwenzake aliyesubiri hadi saa tatu, kwa imani kwamba giza likikolea ndipo vitu vya angani huonekana vyema, hakuwa na nafasi yoyote, kwa sababu kometi ilikuwa imekwisha kuzama kitambo. Macho yao hayakutofautiana. Kilichowatofautisha ni hesabu ndogo ambayo mmoja aliifanya mchana na mwingine hakuifanya. Mwongozo huu unahusu hesabu hiyo pamoja na mambo yanayoambatana nayo, na umeandikwa kwa ajili ya mtu asiye na darubini kubwa, ila ana macho yake, labda darubini ndogo ya macho mawili, simu ya mkononi, na hamu ya kweli ya kuiona nyota yenye mkia kabla haijaondoka.

Unachokitafuta hasa

Kometi ni donge la barafu, vumbi na mawe linalolizunguka jua kwa njia ambayo kwa kawaida ni ndefu na nyembamba sana. Kiini chake ni kidogo: kile cha kometi Halley, kilichopigwa picha kwa karibu na chombo cha Giotto mwezi Machi 1986, kina urefu wa kilomita 15 hivi. Mtazamaji wa kawaida hawezi kukiona kiini hicho kutoka duniani. Anachokiona ni wingu la gesi na vumbi linalotoka baada ya barafu kupashwa joto na jua, ambalo huitwa kichwa, pamoja na mkia. Mara nyingi mikia huwa miwili. Wa vumbi ni mpana, umepinda kidogo na una weupe wenye umanjano. Wa gesi ni mwembamba, umenyooka na una rangi ya buluu, lakini rangi hiyo huonekana zaidi kwenye picha kuliko kwa macho.

Jambo moja kuhusu mkia linafaa kukaririwa kwa kuwa litakusaidia uwanjani: mkia huelekea mbali na jua, hata pale kometi inapokuwa safarini kuliacha jua. Kwa hiyo jioni, jua likiwa limezama magharibi, mkia husimama kuelekea juu au kuinama kando. Alfajiri, jua likiwa halijachomoza mashariki, hali ni hiyo hiyo. Ukiona mstari mweupe unaoning'inia kuelekea chini, pale jua lilipo, uutilie shaka kwanza. Mara chache hutokea vumbi la zamani la kometi likaonekana kama mkia wa pili unaoelekea kwenye jua, na Tsuchinshan–ATLAS yenyewe ilifanya hivyo katikati ya Oktoba 2024, lakini hilo ni tukio la nadra.

Kometi haikimbii angani. Kinachopita kwa kasi na kutoweka ndani ya sekunde chache ni kimondo. Kometi hukaa mahali pake kati ya nyota, huchomoza na kuzama pamoja nazo, na kuhama kwake hutambulika ukilinganisha jioni moja na nyingine. Hivyo huna haja ya haraka pindi unapoipata. Una dakika kadhaa za kuitazama kwa utulivu, na mara nyingi una siku kadhaa za kuirudia.

Kusoma taarifa kabla ya kutoka nje

Kila kometi hupewa jina rasmi ambalo lenyewe hubeba habari. Katika C/2023 A3, jina rasmi la Tsuchinshan–ATLAS, herufi C huonyesha kometi ambayo mzunguko wake ni mrefu mno, huku herufi P ikitumika kwa zile zinazorudi mara kwa mara, kama 2P/Encke inayolizunguka jua kila baada ya miaka 3.3, au 1P/Halley tunayoitarajia tena mwaka 2061. Namba 2023 ni mwaka wa kugunduliwa, herufi A ni nusu ya kwanza ya Januari, na 3 ni kwamba ilikuwa ya tatu kuorodheshwa katika nusu hiyo ya mwezi. Baada ya hapo hufuata jina la mgunduzi, ambaye siku hizi mara nyingi ni mradi wa darubini za kujiendesha na si mtu mmoja. Tumia jina kamili unapotafuta taarifa, kwa maana zipo kometi nyingi mno zinazoitwa ATLAS, na si jambo geni mtu kufuata ratiba ya kometi moja akidhani ni nyingine.

Mahali kometi ilipo hutokana na vipimo vya njia yake vinavyokusanywa na kutolewa na kituo cha Minor Planet Center kilichoko Cambridge, Massachusetts. Huhitaji kuvisoma wewe mwenyewe. Programu ya Stellarium, ambayo kwa kompyuta hupatikana bure, huvichukua na kukuchorea anga la mahali pako, mradi uiambie mji ulipo na usasishe orodha yake ya kometi kabla ya kuitumia. Kwa mwangaza halisi wa wiki hii, ninaamini zaidi kumbukumbu za watazamaji zinazohifadhiwa katika hazina ya COBS, inayoendeshwa kutoka Slovenia, kuliko utabiri wowote wa magazeti, kwa sababu pale unasoma walichokiona watu kwa macho yao jana na juzi.

Taarifa nyingi hutolewa kwa saa za dunia (UTC), na hapo ndipo wasomaji wetu wengi hujikwaa, kwani tunalazimika kubadilisha mara mbili: kwanza kwenda saa za Afrika Mashariki, kisha kwenda saa tunavyoihesabu sisi tangu kuchomoza na kuzama kwa jua. Ipo njia fupi. Chukua saa ya dunia, ongeza 9, kisha utoe 12 au 24 mpaka upate namba isiyozidi 12. Saa 16:00 ya dunia huwa 25, ukitoa 24 unapata saa moja, nayo ni saa moja usiku. Saa 02:00 ya dunia huwa 11, yaani saa kumi na moja alfajiri. Angalia pia tarehe: saa 22:00 ya dunia siku ya Jumamosi kwetu ni saa saba usiku, na Jumapili imekwisha kuingia. Aliyeko Rwanda, Burundi au mashariki mwa Kongo, ambako saa za nchi ziko mbili tu mbele ya zile za dunia, anaongeza 2 ili apate saa yake ya kawaida.

Namba ya mwangaza na jinsi inavyodanganya

Wanaastronomia hupima mwangaza kwa ngazi, na namba ikiwa ndogo kitu kinang'aa zaidi. Tofauti ya ngazi 5 ni sawa na tofauti ya mara 100. Mahali penye giza la kweli, jicho zima huona nyota hadi kwenye ngazi ya 6 hivi. Katikati ya mji mkubwa huenda lisivuke ya 3. Darubini ya macho mawili ya kawaida hukuongezea ngazi tatu au zaidi.

Lakini namba ya kometi haimaanishi kile inachomaanisha namba ya nyota. Nyota ni nukta, na mwanga wake wote umekusanyika mahali pamoja. Kometi ya ngazi ya 4 ina mwanga uleule kwa jumla, ila umetandazwa kwenye eneo ambalo linaweza kuwa pana kama mwezi mpevu au zaidi, na kila kipande cha eneo hilo hupata mwanga kidogo tu. Ndiyo maana kometi ya ngazi ya 4 iliyotawanyika inaweza kukukwepa kabisa ilhali nyota ya ngazi ya 4 iliyo kando yake unaiona bila shida. Kanuni ninayoishika ni kuitolea kometi ngazi mbili: ikitajwa kuwa ya 4, ninajiandaa kana kwamba natafuta nyota ya 6, na darubini ninaichukua. Kometi ya ngazi ya 8 au 9 iachie mtu mwenye darubini kubwa na anga jeusi sana, hata kama habari zinasema inaonekana.

Zaidi ya hayo, utabiri wenyewe unaweza kuvunjika. Kometi ISON ilitangazwa kwa shangwe kubwa, kisha ikasambaratika ilipolipita jua tarehe 28 Novemba 2013. Kometi C/2019 Y4 ilivunjika vipande vipande mwaka 2020 wakati watu wakiisubiri ing'ae. Kwa upande mwingine, kometi ya Lovejoy ya mwaka 2011 ililipita jua kwa karibu mno, wengi wakidhani itateketea, nayo ikatoka upande wa pili na kuonyesha mkia mrefu kwa watu wa nusu ya kusini ya dunia. Ukipanga safari ya mbali kwa ajili ya kometi, soma taarifa za siku mbili za mwisho kabla ya kukata tikiti.

Faida yetu ya ikweta

Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya na Marekani ya Kaskazini huonya kwamba kometi iliyo karibu na jua ni vigumu kuipata, kwa sababu huko jua huzama kwa mshazari na utusitusi wa jioni huchukua muda mrefu. Mjini London mwezi Juni anga halipati giza kamili usiku kucha. Sisi hali yetu ni nyingine na ni njema zaidi. Karibu na ikweta jua hushuka moja kwa moja chini ya upeo wa macho, na giza kamili huingia kati ya dakika 70 na 80 baada ya machweo. Njia ambayo jua na sayari hupita angani kwenye ikweta yenyewe husimama kwa mwinuko wa nyuzi 66 au zaidi mwaka mzima, ambapo London mwinuko huo unaweza kushuka hadi nyuzi 15 tu. Kometi si lazima zifuate njia hiyo, lakini ile iliyo karibu na jua mara nyingi itakuwa juu zaidi ya upeo wetu kuliko wa watu wa kaskazini, na anga letu litatiwa giza mapema zaidi.

Unyofu huo wa jua hutupatia hesabu rahisi ambayo ndiyo moyo wa mwongozo huu. Karibu na ikweta, anga huzunguka nyuzi 1 kila baada ya dakika 4. Tuseme taarifa zinakuambia kwamba kometi iko nyuzi 20 kutoka kwenye jua, nayo iko juu ya jua jioni. Jua likizama, kometi ina nyuzi 20 juu ya upeo na itazama yenyewe baada ya dakika 80. Baada ya dakika 40, jua liko nyuzi 10 chini na kometi iko nyuzi 10 juu. Kabla ya hapo anga bado lina mwanga mwingi. Dakika 20 baadaye kometi imebaki na nyuzi 5 tu, na hewa nzito ya karibu na ardhi imeimeza sehemu kubwa ya mwanga wake. Kwenye nyuzi 10 hewa hukunyang'anya takriban ngazi moja ya mwangaza ukilinganisha na utosini, na kwenye nyuzi 5 takriban mbili. Kwa hiyo muda wako wa kufanya kazi ni kati ya dakika ya 35 na ya 60 baada ya machweo, na nje ya muda huo unajichosha. Ikiwa kometi haiko wima juu ya jua bali kando, punguza muda huo, na uiache programu ikuonyeshe kimo chake dakika kwa dakika.

Kupima nyuzi hakuhitaji chombo. Nyosha mkono wako mbele mpaka mwisho. Upana wa kidole cha mwisho ni nyuzi 1, ngumi iliyofumbwa ni nyuzi 10, na shubiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, ni nyuzi 20 hivi. Mtoto mwenye mkono mfupi ana ngumi ndogo pia, kwa hiyo vipimo hivi humfaa kila mtu kwa mwili wake. Ukiweka ngumi juu ya mstari wa upeo, umepata nyuzi 10 bila kubahatisha.

Mwezi, majira na mahali pa kusimama

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria na wa pwani hufanya kazi siku za giza na kupumzika mwezi unapokuwa mpevu, kwa kuwa mwanga wake hushindana na taa zao. Kalenda hiyo hiyo inamfaa mtafuta kometi. Mwezi mpevu hufuta karibu kila kitu isipokuwa kometi angavu sana. Lakini usikate tamaa mara mwezi unapojaa, kwa sababu kuanzia usiku unaofuata mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Tarehe 17 Oktoba 2024 ulikuwa mpevu, ukichomoza mashariki wakati jua linazama magharibi, na Tsuchinshan–ATLAS ilionekana imefifia. Siku tatu baadaye mwezi ulichelewa kwa zaidi ya saa mbili, na utusitusi ulipokwisha palibaki zaidi ya saa nzima ya giza safi, huku kometi ikiwa imepanda juu zaidi ingawa ilikwisha kupoteza sehemu ya mwangaza wake. Vipindi vifupi vya namna hii ndivyo vya kuwindwa.

Mawingu hayana dawa, ila yana majira. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huzuia mengi, na miezi ya Juni hadi Septemba hutoa anga safi katika sehemu nyingi za bara, Dodoma na Singida zikiwa miongoni mwao. Nairobi ni kinyume, kwani Julai na Agosti huko mawingu mazito hukaa siku nzima, na mkazi wake atafaidika akishuka Bonde la Ufa kuelekea Magadi, ambako ni chini, pakavu na mbali na taa.

Chagua mahali kufuatana na upande wa anga unaohitajika. Pwani yetu inatazama mashariki, na kwa kometi ya alfajiri hakuna upeo bora kuliko Bahari ya Hindi ukiwa Lindi, Tanga au Malindi. Tsuchinshan–ATLAS ilikuwa kometi ya alfajiri katika siku za mwisho za Septemba na za mwanzo wa Oktoba 2024, kabla ya kupotea kwenye mwanga wa jua na kurudi jioni. Kwa kometi ya jioni unahitaji magharibi iliyo wazi: upande wa magharibi wa Unguja na Pemba, ufuko wa Musoma, au kilima chochote kisicho na miti wala majengo upande huo. Fika mchana au kabla ya machweo uone kwa macho yako kama upeo ni safi, na uangalie kama kuna taa ya usalama, duka au mnara utakaowaka giza likiingia. Kwenye ziwa, taa za wavuvi zitapanga mstari palepale chini unapotazama, basi sogea mpaka kichaka au mwamba uzizuie. Na usiende peke yako mahali pasipo na watu. Mwambie mwenyeji au mlinzi wa eneo unachokifanya, maana watu watatu wanaoelekeza vyombo angani gizani huzua maswali ya haki kabisa.

Macho, darubini na utafutaji wenyewe

Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 gizani kabla halijafikia uwezo wake, na mwanga mmoja wa simu huliondolea uwezo huo mara moja. Funika tochi kwa kitambaa au plastiki nyekundu, punguza mwanga wa simu hadi chini kabisa, na andika vipimo unavyovihitaji kwenye karatasi ili usilazimike kuifungua simu.

Darubini inayofaa zaidi kwa kazi hii ni ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Ya 10x50 hukuonyesha eneo la nyuzi 6 hadi 7 kwa mara moja, na upana huo una thamani kubwa kuliko ukuzaji. Zile zinazotangazwa kwa ukuzaji mkubwa mno, zenye vioo vidogo, hutetemeka mkononi na kukuonyesha eneo finyu lisilosaidia kutafuta. Sizipendekezi hata zikiwa za bei rahisi. Yoyote unayoimiliki, kaa kwenye kiti chenye mgongo, egemeza viwiko, na rekebisha ukali wa picha kwa kutumia nyota au sayari angavu kabla ya kuanza. Hatua hii ya mwisho ni ya lazima. Darubini isiyorekebishwa hugeuza kila nyota kuwa kitu chenye ukungu, na kitu chenye ukungu ndicho hasa unachokitafuta.

Sharti moja halina nafuu: usiinue darubini kuelekea magharibi kabla jua halijazama lote, wala usiendelee kutazama mashariki jua likikaribia kuchomoza. Mwaka 2007, mwezi Januari, kometi McNaught ilionekana mchana kando ya jua, na tukio la namna hiyo humvuta mtu kujaribu. Sekunde moja ya jua kupitia darubini hupofusha jicho.

Sasa tafuta. Anza na nyota au sayari unayoijua bila shaka, kwa mfano Zuhura, iliyokuwa karibu na eneo la kometi katika Oktoba ile, kisha pima kutoka hapo kwa ngumi na vidole kama ramani inavyoonyesha. Elekeza darubini mahali hapo na uisogeze polepole kwa mstari wa mlalo, kushoto hadi kulia, halafu panda kiasi cha nusu ya eneo la kioo na urudi, ili mistari ipishane na pasiwe na pengo. Jioni anza chini karibu na upeo, kwa kuwa vilivyo chini ndivyo vitakavyotoweka kwanza. Alfajiri anza juu na ushuke, kwa kuwa chini ndiko vitu vipya vinakochomoza. Usiitarajie picha ya mtandaoni. Kometi nyingi, hata zile nzuri, mara ya kwanza kwenye kioo huonekana kama alama ya pumzi juu ya kioo cha dirisha: duara jeupe lisilo na ukingo, zito kidogo katikati, na upande mmoja likirefuka na kuyeyuka bila kuonyesha mahali linapoishia. Ukidhani umeiona, hamisha macho yako kidogo pembeni bila kuisogeza darubini. Pembeni mwa jicho ndiko kwenye uwezo mkubwa wa kuhisi mwanga hafifu, na mkia usiouona ukikodolea huweza kujitokeza hapo. Gonga darubini kwa kidole itikisike kidogo. Jicho hutambua kitu hafifu kinachocheza kuliko kilichotulia.

Mazoezi yafanye mapema, bila kusubiri kometi. Mwezi Mei, saa tatu usiku, tazama kusini uitafute Salibu, kundi la nyota lenye umbo la msalaba. Mashariki yake kuna nyota mbili angavu. Chukua ile iliyo karibu zaidi na Salibu, nenda kaskazini hadi nyota angavu inayofuata, yenye ngazi ya 2 hivi, kisha endelea kwenye mstari huo kwa umbali karibu sawa na huo. Utakutana na Omega Centauri, lundo la mamilioni ya nyota lenye ngazi ya 3.9, ambalo kwa darubini ndogo halionyeshi nyota moja moja bali duara lenye ukungu. Hiyo ndiyo sura ya kometi isiyo na mkia. Mfaransa Charles Messier, mtafuta kometi wa karne ya 18, alidanganywa na vitu vya aina hii mara nyingi hata akaamua kuviorodhesha ili asivichanganye tena, na orodha yake, ambayo leo ina vitu 110, bado hutumiwa. Kabla ya kutangaza kwamba umeipata kometi, hakikisha ramani haionyeshi kitu kama hicho mahali pale.

Kinachowadanganya watu wengi zaidi, hata hivyo, ni moshi wa ndege. Ndege inayoruka juu sana jioni huacha mstari mfupi unaomulikwa na jua lililokwisha kuzama kwetu, mweupe au wa dhahabu, na kwa dakika moja nzima unaweza kuapa kwamba ni kometi yenye mkia. Usibishane na mtu. Subiri dakika tano. Moshi utakuwa umesogea, umepanuka au umefutika, wakati kometi itakuwa imeshuka kwa zaidi ya nyuzi 1 tu, pamoja na nyota zilizo jirani yake.

Picha na kumbukumbu

Kamera mara nyingi huiona kometi kabla ya jicho. Simu yenye hali ya usiku, iliyoegemezwa kwenye jiwe au stendi ya miguu mitatu na kupewa sekunde 3 hadi 10, hutosha kwa kometi angavu, na picha hiyo hukuonyesha mahali pa kuelekeza darubini. Kwa kamera yenye lenzi ya kubadilisha, gawa 500 kwa urefu wa lenzi ili upate idadi ya sekunde kabla nyota hazijaanza kuvutika: lenzi ya milimita 50 hukupa sekunde 10. Tumia kuchelewesha kwa sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise.

Iwapo mawingu yamekataa kabisa, kazi ipo hata ndani ya nyumba. Chombo cha SOHO, kinacholitazama jua tangu miaka ya 1990, kimenasa zaidi ya kometi 5,000 kwenye picha zake, na nyingi kati yake zimetambuliwa na watu wa kawaida waliozipekua picha hizo kupitia intaneti. Tena wapenzi wa anga bado hugundua kometi kwa vyombo vyao wenyewe: Donald Machholz wa Marekani aligundua 12 kwa kutazama kwa jicho kwenye darubini, ya mwisho Novemba 2018, na Gennadiy Borisov huko Crimea aliipata mwaka 2019, kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe, kometi iliyotujia kutoka nje kabisa ya mfumo wa jua letu.

Andika ulichokiona usiku uleule. Weka tarehe na saa ya dunia, mahali, chombo ulichotumia, upana wa kichwa, urefu wa mkia kwa nyuzi na upande ulioelekea. Mwangaza ukadirie hivi: itazame kometi ikiwa kali kwenye kioo na ukariri uzito wa mwanga wake, kisha hamia kwenye nyota ambayo ngazi yake unaijua, ivuruge kwa kugeuza kirekebishi mpaka itanuke na kufikia upana wa kometi, na ulinganishe. Rudia kwa nyota ya pili iliyo hafifu kidogo, na jibu litakuwa kati ya hizo mbili. Makadirio kama hayo hupokelewa na COBS kutoka kwa yeyote anayeyafanya kwa uangalifu, na yale yanayotoka karibu na ikweta yana thamani yake, kwa sababu watazamaji walio wengi wanaishi kaskazini ya mbali na kometi nyingi huzama kwao zikiwa bado juu ya upeo wetu. Na ukitafuta kwa dakika zote zilizopangwa, mahali sahihi, chini ya anga safi, usiione, andika hilo pia, pamoja na ngazi ya nyota hafifu kuliko zote uliyoweza kuiona kwenye eneo lile: maana yake ni kwamba kometi ilikuwa hafifu kuliko hapo, na anayefuatilia kuvunjika au kufifia kwake anaihitaji namba hiyo.